Bima ya Matumizi ya Binafsi

Boito,
3 Machi 2025

Mama Morris,

Simu zako tano nimeziona na sikupokea hata moja. Kwa simu wewe unanishinda. Unaongea haraka, unacheka kidogo, na ukishakata sikumbuki ulikubali nini na ulikataa nini. Kuanzia leo tuandikiane. Metrine anashuka Kericho na vitunguu vyake kila Jumatatu na Alhamisi. Atakuletea hii dukani na utampa majibu.

Barua ya kampuni ya bima imefika. Nimeisoma mara tatu, halafu nikampa katibu wa kanisa aisome pia, nikidhani labda ni Kiingereza kinanidanganya. Hakinidanganyi. Wamekataa. Wanasema pikapu yetu iliandikishwa kwa matumizi ya binafsi, na siku ya ajali ilikuwa imebeba madebe kumi na manne ya maziwa ya kuuza. Kwa hivyo gari hawatengenezi, na Eddah hawamlipi.

Naandika yaliyotokea ili yasije yakabadilishwa. Tarehe kumi na nne Januari asubuhi, ndugu yangu Kipkirui alikuwa anateremka na maziwa kwa barabara ya kituo cha majani chai. Ndama akakatiza barabara. Kipkirui akamkwepa, gari likaingia kwenye foleni ya watu waliokuwa wanangoja kupima chai yao. Wengine waliruka. Eddah alikuwa na kikapu mgongoni, hakuweza kuruka. Mkono wake wa kulia ulivunjika mara mbili, na daktari amesema vidole havitafunga tena. Ndugu yangu ana vyuma kwenye mguu. Nakutana na Eddah kila Jumapili. Anakaa benchi la mbele yangu, na mkono umelala kwa paja kama kitu cha kuazima.

Mwaka mmoja na nusu tumefanya hii kazi. Mimi nakusanya maziwa kwa wakulima huku, wewe unauza dukani kwako, gari ni letu nusu kwa nusu. Hata shida tuligawana: fundi na dereva ni wangu, karatasi ni zako. Novemba ulirudi kutoka kwa yule wakala, Phelix, ukaketi jikoni kwangu ukinywa maziwa yangu ya mursik, ukasema, "Nimechukua ile kubwa, ya biashara. Hata gari likitumbukia mtoni tutalipwa." Nilikushukuru. Niliwaambia wakulima wasiwe na wasiwasi.

Sasa niambie ulichukua nini huko kwa Phelix. Nyinyi watu wa kutoka huko hamkubali kupata hasara, najua, lakini hii hasara haitakaa kwangu peke yangu.

Nelvine Chepkemoi


Kericho mjini,
7 Machi 2025

Mama Chebet,

Umetaka maandishi, haya basi.

Kwanza, "huko" ni wapi? Nilizaliwa Kericho. Nilisoma Kericho. Mama yangu amezikwa Kericho, na siku ya mazishi wewe ndiye uliyepika chai ya watu. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi tulipochomewa duka, tuliambiwa neno hilohilo, na waliolisema walikuwa na viberiti mkononi. Sikutarajia kulisoma kwa mwandiko wako. Hasira yako naielewa. Hilo neno silielewi, na usiliandike tena.

Pili, bima. Phelix alinipa njia tatu, na nilikueleza zote tatu kwa simu ukiwa shambani, ukisema, "Eeh, eeh," kama mtu anayefukuza kuku. Ya kwanza ni thadi pati ya biashara. Hiyo inalipa mtu uliyemgonga, lakini gari lako ukae nalo na vyuma vyake. Ya pili ni ile kubwa ya biashara, inalipa mtu na inalipa gari, na bei yake inauma. Ya tatu ni ile kubwa ya gari la nyumbani, bei yake ni karibu nusu ya hiyo ya pili, lakini gari haliruhusiwi kubeba mzigo wa kuuza. Unakumbuka ulinijibu nini? Ulisema, "Wewe ndiye umesoma, chagua, mimi nina ng'ombe wa kukamua." Mtu akishasema hivyo, anakuja kuuliza nini baada ya ajali?

Mimi nilimwambia Phelix biashara. Fomu aliijaza yeye. Kama aliandika kitu kingine, basi huyo ndiye wa kushtakiwa, na kwa bahati mbaya alihamisha ofisi mwezi uliopita na simu yake haiingii. Nimeenda mara mbili. Pale kwake siku hizi wanauza mitumba.

Tatu, nami nina swali. Barabara ya kituo cha majani ni mteremko ambao hata punda huushuka kwa adabu. Ndama huyo alikuwa wa nani? Boito nzima hakuna aliyejitokeza kusema ndama wake alikuwa barabarani. Kwenu mtu akipoteza kifaranga, kijiji kizima kinajua kufikia saa nne.

Wakili wa Eddah ameniandikia mimi pia. Jina langu liko pale sambamba na lako. Sina mahali pa kukimbilia zaidi yako, kwa hivyo usiniite mwizi kabla hujamaliza kufikiri.

Nyathira


Boito,
17 Machi 2025

Mama Morris,

Neno la "huko" nalirudisha. Nilikosea, na nilijua nakosea wakati kalamu iko kwenye karatasi. Mengine yote nayaacha palepale.

Alhamisi nilikuja Kericho na sikupita dukani kwako. Nilikwenda kwa kampuni ya bima, nikakaa kwenye kiti chao cha plastiki kuanzia saa tatu mpaka saa saba, nikasema sitoki mpaka nione fomu yenyewe. Msichana wa pale alichoka na mimi, akaitoa.

Swali la tisa linauliza gari litafanya kazi gani. Jibu limeandikwa kwa mkono: safari za familia na kanisa.

Mama Morris, nimesoma vikaratasi vyako vya maziwa kila asubuhi kwa mwaka mmoja na nusu. "Leo leta zaidi." "Debe la nne lilikuwa na maji." Ile k yako inayopiga teke naijua hata kwenye giza. Phelix hakujaza kitu. Ulijaza wewe.

Na chini kabisa kuna sahihi yangu. Hiyo ndiyo iliyonifanya nitoke nje kabla ya kumaliza kusoma. Niliitia juu ya boneti, mikono ina maziwa, wewe umeshika karatasi isipeperuke, na haikuwa na neno hata moja juu yake. Nilikuamini mpaka nikatia sahihi kwenye karatasi tupu. Huo ujinga ni wangu na siugawi na mtu.

Lakini safari za familia na kanisa? Familia gani, Mama Morris? Madebe kumi na manne yalikuwa yanakwenda kuimba kwaya?

Niambie kwa nini. Usiniambie habari za Phelix.

Nelvine


Boito,
20 Machi 2025

Mama Morris,

Mimi ni Kipkirui, dereva wenu. Sijawahi kukuandikia, na dada yangu hajui kwamba naandika. Nitamwambia mwenyewe jioni hii, Metrine akishaondoka.

Nimesikia mnalaumiana juu ya bima, nami niko kitandani upande wa pili wa ukuta, nasikia dada akisoma barua yako kwa sauti na kuijibu kabla ya kushika kalamu. Kuna jambo hujui, na sitaki uendelee kulaumiwa peke yako.

Hakukuwa na ndama.

Jumamosi kabla ya ajali, fundi Mageto aliangalia gari akasema pedi za breki zimekwisha na paipu moja inavuja. Alisema gari lisitoke mpaka atafute spea. Dada alisema maziwa yakilala yanaharibika, na wakulima watahamia kwa mnunuzi mwingine. Aliniambia, "Shuka na gia ya pili, pole pole, Jumatano tutatengeneza." Jumatatu nilishuka salama. Jumanne nilikanyaga breki na mguu ukaenda mpaka chini kama unakanyaga matope. Nilipiga honi. Nilipiga honi mpaka mwisho. Eddah aligeuka, akaniangalia.

Ndama alizaliwa hospitalini, wakati dada alipokuja na polisi akiwa nje ya mlango. Nilikubali kwa sababu alikuwa analia, na kwa sababu yeye ndiye aliyenilea. Lakini mimi ni dereva mwenye leseni ya miaka kumi na moja. Mbona nilikubali kushuka? Hilo nalijibu mwenyewe kila siku.

Kesho nitakwenda polisi kubadilisha maelezo yangu. Mageto atanisindikiza kwa sababu ya magongo. Halafu nitakwenda kwa Eddah.

Kipkirui


Kericho mjini,
24 Machi 2025

Mama Chebet,

Barua ya Kipkirui nimeisoma nikiwa nimesimama, na wateja wakangoja.

Wiki tatu umeniandikia kama hakimu. Umekaa kwenye kiti cha plastiki saa nne ukitafuta dhambi yangu, na yako iko nyumbani imelala na vyuma mguuni. Ulimfundisha ndugu yako uongo kabla damu haijakauka. Ukaniandikia mimi kuhusu ndama. "Ili yasije yakabadilishwa," ulisema hivyo. Nimeurudia huo mstari mpaka umeniuma meno.

Umeuliza kwa nini. Nitakujibu, si kwa sababu unastahili, ni kwa sababu nimechoka kubeba.

Friji ya duka ilikufa mwezi wa Oktoba. Sikukuambia. Kwa wiki mbili nilikuwa nauza maziwa yakiwa karibu kuchachuka, nikichemsha usiku, nikiwaambia wateja ni ya asubuhi. Nilipokwenda kwa Phelix nilikuwa na pesa ya bima ya biashara mfukoni, kamili, sehemu yako na yangu. Akaniambia, "Mama, andika familia. Nusu ya pikapu zinazobeba kabichi hapa ni za familia. Nani atauliza?" Akanisukumia kalamu. Nikaandika. Iliyobaki nikanunulia friji.

Phelix alinidanganya, lakini nilikuwa nimejileta mwenyewe. Nilijua. Nilipokaa jikoni kwako nikasema habari za mto, nilikuwa najua. Kila siku gari likifika salama nilikuwa najiambia mwezi ujao nitabadilisha, na mwezi ujao haukufika.

Kwa hivyo maziwa yako yalipoa, na ndugu yako akavunjika mguu. Nimekuandikia hilo ili usilazimike kulitafuta.

Hata bima ingekuwa ya biashara, wangeuliza breki. Mimi nilipoteza malipo ya kwanza, wewe ungepoteza ya pili. Tumesaidiana vizuri.

Sijui kama naweza kufanya kazi na wewe tena. Sitaki jibu la haraka.

Nyathira


Boito,
2 Aprili 2025

Nelvine na Nyathira,

Mnisamehe mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto na nimeanza kujifunza nikiwa na miaka hamsini na nane. Barua hii imenichukua siku tatu.

Kipkirui alikuja kwangu na magongo yake, akakaa, akaniambia yote. Breki, ndama, fomu. Ameniambia pia kwamba mnaandikiana. Nikamuuliza ni barua ngapi. Akahesabu. Nikamuuliza, na mimi nimeandikiwa ngapi? Akayatazama magongo yake. Yeye ni kijana mwenye haya, ndiyo maana nikampa uji.

Nelvine, umekaa nyuma yangu kanisani Jumapili kumi. Najua kikohozi chako. Umenisalimia, umenishika bega, ukasema, "Mama Eddah, Mungu yupo." Mungu yupo, nami nilikuwepo pia. Ungeniambia gari halikuwa na breki.

Nyathira, wewe sikujui. Nilijua jina lako kwa wakili. Nimesikia una friji nzuri.

Mnagombana ni nani kati yenu aliyeharibu bima, kana kwamba gari liligonga bima. Lilinigonga mimi. Nilikuwa wa nne kwenye foleni, kikapu changu kilikuwa kimejaa vizuri, nilikuwa nimechuma tangu alfajiri, majani mawili na kichipukizi, bila bua hata moja. Karani alikuwa ananisifu. Kabla sijamjibu, nikasikia honi.

Sasa mjue hali yangu ilivyo. Chai haingoji mtu apone. Usipoichuma inapanda juu, inakuwa miti. Yangu sasa imenifika kifuani. Nilikodisha wachumaji wawili Februari, wakachuma kama wanaopigana, wakavunja matawi, nikawafukuza. Naamka, napita katikati ya mistari yangu mwenyewe, naona machipukizi, na huu mkono wa kulia unataka kwenda. Unainuka mpaka hapa tu, halafu unarudi. Hicho ndicho mlichoniondolea. Hakuna fomu yenye swali hilo.

Sijaandika kuomba. Nimeandika kwa sababu nina hasira, na nimeona nyinyi wawili mnaitumia hasira yote kana kwamba mmeipata wenyewe.

Eddah


Kericho mjini,
7 Aprili 2025

Mama Eddah,

Tunaandika wawili kwenye karatasi moja, mezani kwa Nyathira, duka likiwa limefungwa. Tumeanza mara sita. Kila tulipoanza tulijikuta tunajieleza, tukachana karatasi.

Mimi Nelvine nilijua breki ni mbovu na nikalituma gari. Halafu nikatunga ndama. Jana nilikwenda polisi, nikaandikisha hivyo, na nimepewa siku ya kufika kortini. Kanisani nilikuwa nakushika bega ili nisikuangalie usoni.

Mimi Nyathira nilichagua bima ya uongo nikijua ni ya uongo, na nikamdanganya mwenzangu. Nimempelekea wakili wako barua ya kukiri, ili asipoteze muda kunithibitisha. Phelix nimemshtaki kwa wanaosimamia bima, lakini hilo halinifuti mimi. Friji imeuzwa Jumamosi. Mabaki ya gari yatauzwa wiki hii. Vyote vinakwenda kwa wakili wako, hata kama korti haijasema.

Sisi wawili hatujapatana. Usije ukasikia tumepatana ukadhani tulikutumia kama daraja. Leo tumegombana kuanzia saa nane mpaka saa kumi, na tutagombana tena. Biashara imesimama. Kama itafufuka, hatujui. Ila tumekubaliana jambo moja: gari lolote litakalobeba maziwa yetu halitatoka mpaka bima yake isomwe kwa sauti, swali kwa swali, dereva akiwa amekaa nasi, na fundi awe amesema ndiyo.

Kuhusu chai. Nelvine anajua kuchuma, si kama wewe, lakini havunji matawi. Nyathira hajawahi kushika mti wa chai maishani mwake. Tunaomba ruhusa ya kuja kwako kila Jumatatu na kila Alhamisi, tuchume unavyotaka wewe, mpaka chai ishuke na juu yake irudi sawa kama meza, na baada ya hapo mpaka utakaposema basi. Majani ni yako, jina la kupimia ni lako. Ukikataa tutaelewa.

Nelvine Chepkemoi
Nyathira


Boito,
9 Aprili 2025

Nelvine na Nyathira,

Njooni Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, umande ukiwa bado. Nyathira avae viatu vya mvua na aproni ya plastiki, na pete aziache nyumbani, zinakwaruza machipukizi.

Nitakuwa nimesimama juu ya mstari. Kila kiganja nitakikagua. Jani la tatu nikiliona nitalitupa chini mbele yenu, na mtachuma tena.

Kesi siiondoi.

Eddah